Nimembeba rafiki yangu hosteli, sasa nashindwa kumwambia

Barua

Shikamoo mama,

Naandika nikiwa maktaba, maana chumbani kwetu hakuna pa kukaa mtu akaandika jambo lake la siri. Mimi ni binti wa miaka 20, nipo mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nyumbani ni Makambako. Huyu ninayetaka kukuelezea nitamwita Neema, si jina lake.

Neema nimekua naye. Nyumba zetu zinatenganishwa na uzio wa mianzi tu, shule ya msingi tulikaa dawati moja, sekondari ya kata tukaenda wote. Kidato cha tano tulipangiwa shule tofauti, ila tukaja kuchaguliwa chuo kimoja, na siku majina yalipotoka mama zetu walipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mimi nilipata mkopo, si asilimia zote, lakini bumu, ile pesa ya kujikimu, nalipata. Neema alikosa. Aliangalia awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kitu. Ada yake ya kuanzia mama yake aliuza kiwanja na kuongezea pesa ya kikoba.

Chumba nacho mimi nilipata, yeye akakosa. Tulipofika Novemba akaniomba nimbebe wiki mbili tu, akipata geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, anahama. Nikamwambia hata usiwaze. Sasa ni Mei, mama, na bado tunalala wote.

Kitanda chenyewe ni cha chini kwenye dabo deka, godoro futi mbili na nusu. Tunalala mzungu wa nne, miguu yake iko hapa shavuni kwangu na yangu kwake. Akigeuka, na mimi lazima nigeuke. Chandarua hakitutoshi, tukikichomekea upande wa ukutani basi upande wa nje kunabaki mguu wa mtu uko wazi, na tangu masika yaanze mbu hawahesabiki. Mwezi wa nne nikaugua malaria, tena wiki ya testi. Nilipata 7 kati ya 20, na somo lile ndilo nililokuwa nalitegemea.

Chumba ni cha watu wanne, kwa hiyo tuko watano. Wenzetu mwanzoni walinyamaza. Siku hizi kuna dada wa mwaka wa tatu, akiingia anauliza kwa sauti, "Hivi hapa ni chumbani au stendi?" Neema anacheka kama vile hajaelewa. Juzi juzi matroni na walinzi walifanya msako saa tano usiku. Neema alikimbilia chooni akajifungia mpaka saa saba. Mimi nilitetemeka kuliko yeye, kwa sababu fomu niliyosaini inasema ukikutwa umebeba mtu, wewe mwenye jina ndiye unayenyang'anywa chumba. Kesho yake yule dada akaniambia, "Mdogo wangu, nakupa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo nitakwenda kwa matroni mwenyewe."

Naomba usinione nina roho mbaya. Neema ni msafi, hana kelele, na anasaidia sana. Maji yakikatika yeye ndiye anayeamka saa kumi usiku kwenda kuchota bombani chini na kuyapandisha ghorofa ya tatu, na nguo zangu mara nyingi nakuta kashazifua. Chakula tunakula pamoja. Bumu langu linaisha kabla ya wakati, lakini hilo sijawahi kulisema kwa sababu najua hana.

Kuna siku halali chumbani. Zamani ilikuwa mara moja moja, siku hizi zimezidi. Anasema anakwenda kwa mjomba wake Chanika. Mimi siulizi. Usiku huo najinyoosha kitanda kizima, nalala fofofo, halafu asubuhi najiona mchawi kwa kufurahi kwamba hayupo.

Nimejaribu kumwambia. Naanza, "Neema, hivi yule dalali alikupigia?" Anajibu vyumba ni ghali, wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita, na mimi naishia hapo hapo, nasema basi usijali.

Kinachonifunga zaidi ni mama. Nilipokuwa darasa la sita alilazwa muda mrefu, na mama Neema alitulea mimi na wadogo zangu kama wa kwake. Tulikula kwake, tulilala kwake. Mpaka leo mama kila akipiga simu anasema, "Mwangalie mwenzio, mimi kwa mama yake nina deni lisilolipika." Na kingine, mama Neema anaamini binti yake amepewa chumba. Neema aliniomba nisiseme kwa sababu mama yake ana presha, na tangu baba yao afariki amekuwa mtu wa mawazo. Kwa hiyo hata mama yangu sijamwambia.

UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinaanza Julai. Nikimwacha aendelee kukaa, nitakula sapu, yaani nirudie mitihani, au nitadisko, niondolewe chuo kwa kufeli, au tutakamatwa. Nikimfukuza, ataacha chuo, na mama zetu hawatasalimiana tena. Nifanye nini?

Mwenye kitanda, Dar es Salaam

Majibu

Marahaba mwanangu. Kwanza pole kwa malaria, na pole kwa hiyo 7.

Kwa wasomaji ambao hawakupita kwenye vyuo vyetu, kubebana ni pale mwanafunzi aliyepangiwa kitanda anapomchukua mwenzake aliyekosa, wakalala wawili. Si jambo la jana. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, watoto wengi wa familia kama zenu walipata pa kupitia kuingia chuo, lakini mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua yale majengo 20 ya wanafunzi 3,840, watu walishusha pumzi, lakini kubebana hakukwisha, si pale wala kwingineko. Nalitaja hili kwa sababu barua yako imeandikwa kana kwamba wewe na Neema mmezua balaa lenu peke yenu. Mmeingia kwenye uhaba ambao upo miaka yote.

Nikikusikia vizuri, hulali na masomo yanaharibika, mwenzio hana pa kwenda, na juu ya hayo kuna wazazi wawili wanaoheshimiana ambao hawajui kinachoendelea. Kichwani mwako yamebaki majibu mawili tu, kuvumilia au kumfukuza, na kila moja umeliandikia mwisho wake kabisa. La kwanza linaishia kwenye kudisko, la pili linaishia Makambako kwenye ugomvi. Nataka tuyakague hayo majibu kabla hatujafika kwenye nini cha kufanya.

Tuanze na sentensi moja uliyoipita haraka. Umesema Neema anasaidia sana, anaamka saa kumi kuchota maji, anakufulia nguo. Umeiweka kwenye sifa zake, na sikatai kwamba ni sifa. Lakini hebu mtazame vizuri. Ana vipindi kama wewe, testi alifanya kama wewe, halafu usiku wa manane yuko ngazini na ndoo ya lita 20, anapumzika kila ghorofa, anabadilisha mkono. Akirudi anakuta nguo zako kwenye beseni. Jioni anasimangwa mambo ya stendi, anacheka. Inawezekana anafanya hayo yote kwa mapenzi. Inawezekana pia analipa kodi. Hana cha kutoa mfukoni, basi anatoa mikono. Na kama ndivyo, si kweli kwamba hajui kuwa kukaa kwake kunakuelemea. Anajua sana, pengine alijua kabla yako. Wewe unaogopa kumpa habari ambayo yeye ameibeba kila alfajiri.

Jiulize pia zile wiki mbili zilipokwisha ni nani aliyesema neno. Kwa jinsi ulivyoandika, hakuna. Yeye alinyamaza kwa aibu, wewe ukanyamaza kwa huruma, na kila alipokaribia kusema jambo ulimfungia mlango kwa "usijali". Hata swali la dalali ni la kuzungukazunguka, na aliyeulizwa kwa kuzungukwa hujibu kwa kuzunguka. Kwa hiyo unaposema umejaribu kumwambia, mimi naona bado hujamwambia. Silaumu. Ni ngumu kumwambia mtu unayelala na miguu yake shavuni.

Zile siku asizolala chumbani nazo zimenikaa moyoni. Mtu atoke kwenye kipindi cha jioni, apande daladala za kubadilisha mpaka Chanika, alale saa chache, arudi kwenye foleni ya asubuhi, tena azidishe kufanya hivyo wakati mitihani inakaribia? Inawezekana, ana mjomba na mjomba ni mzazi. Inawezekana pia anakesha kwenye madarasa akisoma mpaka kunakucha ili wewe upate kujinyoosha, maana wapo wanaofanya hivyo. Na inawezekana kuna mtu anayempa pa kulala, na kwa binti asiye na pesa wala kitanda, si kila anayekaribisha anakaribisha bure. Simsingizii mtoto wa watu, na wewe usimsingizie. Ila ninyi mliokaa dawati moja mmefika mahali hamwulizani mtu amelala wapi. Ningekuwa wewe, swali hilo ningelitanguliza mbele ya swali la kitanda, na ningeliuliza kama swali la anayejali, si la askari.

Kuhusu kufurahi anapokuwa hayupo, acha kujiita mchawi. Mwili wako una deni la usingizi la tangu Novemba. Kulala vizuri kitanda kikiwa chako peke yako hakusemi chochote juu ya moyo wako.

Sasa deni la mama. Sitalidharau, maana aliyekula ugali wa jirani wakati mama yuko wodini hawezi kusahau. Lakini kumbuka lilivyokuwa. Mama Neema alipowachukua alikuwa na nyumba yake na jiko lake. Hakuna aliyejificha chooni. Mama yako alijua watoto wake wako wapi, na watu wazima walizungumza wakapanga. Ninyi mnalipa deni hilo kwa siri, kwenye godoro la futi mbili na nusu, na wenye deni wenyewe hawajui kama linalipwa. Mama yako anaposema "mwangalie mwenzio", picha aliyonayo ni ya mabinti wawili kila mmoja na kitanda chake. Wewe una hakika kwamba angejua angekwambia vumilia. Mimi sina hakika hiyo. Mama aliyesikia mwanawe kaugua malaria kwa sababu chandarua hakitoshi anaweza kusema mengine kabisa.

Kuhusu matokeo mabaya uliyoyapanga, "nikimfukuza ataacha chuo" ni maneno yako au ni yake? Amewahi kukwambia hivyo? Binti aliyevumilia ndoo, kejeli na saa mbili za kujifungia chooni hanionyeshi dalili za mtu anayeacha chuo kirahisi.

Yule dada wa mwaka wa tatu naye tumtendee haki. Mdomo wake ni mkali, lakini amelipia chumba cha watu wanne, anaishi na watano, na yuko kwenye mitihani ya kumalizia shahada. Angeweza kwenda kwa matroni siku ile ile ya msako, hakwenda. Alikwambia wewe kwanza na akakupa muda. Kwa kuishi na watu, huo ni uungwana. Ukimfuata na kumwambia, "Dada, nimekusikia, tunalifanyia kazi, nipe mpaka tarehe fulani," huenda ukakuta mlango uko wazi kuliko unavyodhani. Huenda pia akakataa, na hiyo ni haki yake, ila utakuwa umejua mapema badala ya kusubiri mwisho wa mwezi kwa hofu.

Haya, njia zenyewe. Naziona kadhaa, na hakuna isiyo na mwiba.

Mnaweza kukubaliana akae mpaka UE ziishe, lakini safari hii kwa maneno ya wazi: tarehe, nani analala wapi wiki ya mitihani, chakula kinagawanywaje. Hilo la chakula usiliachie. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata yote, limepigiwa hesabu ya tumbo moja, na linatoka kwa mafungu. Watu wawili wakilila, lazima likatike katikati ya safari, na wewe unabaki kununa kimya kimya wakati yeye hajui hata kama pesa imekwisha. Mpishane pia usiku: anayekesha kusoma leo amwachie mwenzake kitanda, kesho zamu igeuke. Wapo waliomaliza mwaka hivyo. Ubaya wake unaujua, ni ile fomu uliyoisaini. Msako ukirudi, anayepoteza chumba ni wewe, mnabaki wawili msio na pa kulala, wiki chache kabla ya mitihani. Hatari hiyo ni ya kweli, na Neema anastahili kujua kwamba iko kwa jina lako. Sijui kama umewahi kumwambia fomu inasema nini.

Ofisi ya mlezi wa wanafunzi mnaiogopa kama kituo cha polisi, lakini kazi yake kubwa ni shida kama hizi. Katikati ya mwaka vitanda hufunguka: kuna anayeahirisha masomo, kuna anayeugua, kuna aliyehamia kwa ndugu. Havitangazwi redioni. Anavipata aliyekwenda kuuliza, akarudi tena wiki inayofuata, mpaka karani akamzoea sura. Neema ana haki ya kwenda kama mwanafunzi asiye na chumba, yatima wa baba, asiye na mkopo. Anakwenda kuomba nafasi, si kukushitaki. Ila nisikufiche, anaweza kuulizwa kwa sasa analala wapi, na sitamshauri adanganye ofisini. Kwa hiyo kabla hajaenda, mzungumze mtajibu nini na mko tayari kwa lipi. Serikali ya wanafunzi huwa ina waziri anayeshughulikia malazi. Wengine ni wa kupiga picha tu, lakini wapo wanaojua mpaka namba ya kitanda kilicho wazi. Anzieni kwake kama ofisini panawatisha.

Geto ni la kufikiria, lakini kwa kalamu na karatasi. Kodi ya miezi sita kwa mtu mmoja haiwezekani. Kwa mabinti watatu wanaochangia chumba kimoja, hesabu inabadilika, na wapo wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu ukiwafuata mwenyewe bila dalali, kwa sababu dalali naye anataka kodi ya mwezi mzima juu. Neema si peke yake aliyekosa kitanda darasani kwenu, na wenzake wa namna hiyo wanapatikana. Je, uhame naye? Wengine wangefanya hivyo kwa ajili ya rafiki. Angalia tu kwamba unaacha kitanda ulichokwisha kulipia, na mtaani kuna nauli, umeme wa luku, na kurudi usiku kutoka maktaba kwa njia ambayo hujaizoea. Ukiamua kwa huruma ya jioni moja, unaweza kuijutia asubuhi.

Chanika isidharauliwe kwa umbali wake. Kama mjomba kweli yupo na anampokea, wikiendi na siku zisizo na vipindi angeweza kukaa huko kwa mpango unaojulikana, ukapata usiku kadhaa wa kulala. Kwa siku za vipindi foleni itamla, hilo tusidanganyane.

Na kuna kuwaambia wazazi. Hapa nenda taratibu. Siri ya chumba ni ya Neema, si yako, na ukimpigia mama yake nyuma ya mgongo wake, hata kama nia ni njema, utakuwa umempokonya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Wakati huo huo, mama yule aliuza kiwanja. Mtu aliyeuza kiwanja hawezi kuwa mwepesi wa kuzirai kama mnavyomfikiria. Presha inapanda pia kwa habari za kushtukiza, kwa mfano kupigiwa simu kwamba binti kafukuzwa hosteli usiku. Afadhali aisikie kutoka kwa mwanawe, mchana, kwa utulivu, pengine mama yako akiwa ameketi naye. Hao wawili wamewahi kuvuka makubwa pamoja. Neema anaweza kukataa. Basi mwulize kama anaridhia umwambie mama yako peke yake, na ukubali jibu lake, ingawa na wewe una haki ya kusema kwamba siri hii imekuchosha.

Lolote mtakalolichagua linaanzia kwenye mazungumzo, kwa hiyo niseme kidogo jinsi ya kuyaanza. Usiyaanzie kitandani taa ikiwa imezimwa, wala kwa meseji ya WhatsApp, wala siku dada wa mwaka wa tatu ametoka kusema neno. Mchukue mkatembee, mnunue chapati na chai mahali ambapo hakuna wa darasani kwenu. Anza na yeye: "Neema, usiku usipokuwepo huwa nawaza uko wapi. Uko salama?" Halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama kimya ni kirefu. Ndipo useme yako bila kumung'unya: "Mimi silali, na nilifeli testi. Nimeogopa kukwambia kwa sababu sitaki ujione unafukuzwa. Nataka tupange wote, lakini hivi tulivyo siwezi kufika Julai." Mwambie na habari ya nguo. Mwambie aache kukufulia. Huenda akalia, huenda akakasirika na kwenda kulala kwingine siku mbili. Mwache apoe, halafu mrudie.

Mimi siwezi kukwambia aondoke au abaki. Wewe ndiye unayemjua, na ni wewe utakayeishi na uamuzi huo, hapa chuoni na nyumbani mtakaporudi likizo. Ila hiyo 7 usiiachie ikukatishe tamaa. Mfuate mwalimu wa somo na karatasi ya hospitali ya siku zile ulizougua, umwulize kama kuna nafasi ya kurudia testi, maana akikataa hutakuwa umepoteza kitu.

Jambo la mwisho ni la Neema, na umpelekee kama lilivyo. Kukosa mkopo mwaka wa kwanza si mwisho. Mwanafunzi anayeendelea na masomo ambaye hakuwahi kupata mkopo anaruhusiwa kuomba, na dirisha la maombi huwa linafunguliwa katikati ya mwaka. Yeye ni yatima wa baba, na kwa Bodi hilo lina uzito, lakini lazima lithibitishwe kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Vijana wengi huachwa kwa sababu cheti hakikuambatanishwa, au kiliambatanishwa bila uhakiki, au jina la baba kwenye cheti cha kifo halifanani na lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Akae na fomu yake ya mwaka jana aangalie ni lipi kati ya hayo lilimkwamisha. Na cheti chenyewe, kama baba alizikwa bila kufuatiliwa karatasi kama inavyotokea vijijini kwetu, kitabidi kitafutwe kupitia kwa mama yake, na uhakiki nao unachukua siku zake. Akianza wiki hii, bado ana muda.